Wageni Walinyoa Chai

Riwaya ukiisoma mara ya kwanza unakimbizana na hadithi, herufi huzioni. Ukiirudia ndipo macho yanapopata nafasi ya udaku. Ninayo moja ya mapenzi niliyoirudia hapa Eldas mpaka jalada limebaki nyuzi. Jina silitaji, mwandishi hana hatia: nakala yangu ni ya mitaani, niliinunua Garissa kwa mtu aliyetandaza vitabu chini.

Wageni wanakaribishwa vizuri, wanakaa mkekani, halafu "wakanyoa chai". Sasa kila nikishika kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia nauona wembe. Mbele kidogo kijana anapeleka "pesa" kwa kina binti badala ya posa. Hilo nimeliacha lilivyo. Huku kwetu hakuna mzee atakayekubali kwamba hapo pana kosa. Ng'ombe wote wamepotelewa na ritifaa, na mmoja amekatwa mwishoni mwa mstari, "n" huku na "gombe" kule, bila bismillahi.

Balaa lenyewe ni kurasa. Kitabu huchapwa kwa mikunjo, mara nyingi ya kurasa 16, kisha mikunjo ikaunganishwa. Changu mkunjo mmoja umetiwa mara mbili: kutoka 49 hadi 64, halafu 49 tena. Binti analia, anabembelezwa, anakubali kuolewa; kisha anaanza kulia upya. Ukifungua unaofuata ni ukurasa wa 81, ana watoto watatu. Mke wangu anasema afadhali, angalau huyu aliulizwa mara mbili.

Makosa ya chapa hayakuanza na kitabu changu: London, mwaka 1631, wachapaji Robert Barker na Martin Lucas waliangusha neno moja la kukanusha katika Biblia, amri ikawahimiza watu wazini. Walitozwa faini ya pauni 300. Muuzaji wangu hata risiti hakunipa. Na huku herufi si mchezo: Mohamed wa kitambulisho na Mohammed wa cheti cha shule ni watu wawili mpaka uape mbele ya wakili.

Ngamia wa maktaba, walioanza safari zao Garissa mwaka 1996, wamebeba vitabu vingi, ila hiki sijakiona mgongoni mwao. Basi mwenye nakala nzima aniazime kurasa 65 hadi 80. Jina la riwaya nitamnong'oneza. Akitaka 49 hadi 64, ninazo za ziada.