Sekunde Zimekwisha, Profesa

Mwaka 2007 Celtel, kampuni ya simu, ilivikutanisha vyuo vikuu vya Afrika kwenye chemsha bongo ya luninga, muulizaji akiwa John Sibi-Okumu wa Kenya.

Kwa mashindano ya namna hiyo Kigoma ni mtaji. Ujiji, 1871: Stanley na Livingstone. Ziwa la pili kwa kina duniani, takriban mita 1,470. Meli ya Kijerumani iliyozamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, leo Liemba. Kengele, alama, makofi!

Ilagala, huko huko Kigoma, mto Malagarasi unakomwaga maji ziwani, haina bahati hiyo. Livingstone hakutafutiwa pale. Lakini ulizeni dagaa huvuliwa mbalamwezi au usiku wa giza, muone msomi atakavyokodoa macho, huku mvuvi wa darasa la saba ameshabonyeza kengele.

Giza, kwa taa.