Mwenye Mimba Naye Asogee

"Kama kuna mwenye mimba humu ndani naye asogee, tumwandikishie mwanawe udaktari kabisa."

Maneno hayo yalisemwa nyuma ya kisogo changu wiki iliyopita, mjini Sumbawanga, kwenye foleni ya ofisi ambayo jina lake nitalimeza. Msemaji alikuwa kijana wa makubazi, ndevu zake ukianza kuzihesabu zinaisha kabla ya kumi. Foleni ikaangua kicheko. Mlinzi naye akacheka, na mlinzi yule tangu asubuhi hakuwa ameitikia salamu ya mtu. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alitikisika mpaka mtoto akaachia ziwa, akageuka kunitazama, ili na yeye aanze mapema kujua sura ya mtu anayechekwa.

Chanzo ni swali la dada wa dirishani. Aliniuliza mwanafunzi wangu kamaliza kidato cha sita mwaka gani. Nikamjibu hajamaliza, ni binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, nami nimekuja kuuliza karatasi za mkopo wa chuo kikuu ni zipi ili tuanze kuzikusanya. Akaweka kalamu chini.

"Cha ngapi?"

"Cha pili."

Basi, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani, akasema: "Mama, rudi baada ya miaka mitano."

Mitano! Nilitoka kijijini kwetu Kate kukiwa bado giza, Julai hii ambayo upepo wa Ufipa unapenya sweta mbili na kitenge juu yake, nimebanwa kati ya magunia ya maharage na abiria aliyelala begani kwangu bila kuniomba. Mkononi nilikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, matokeo ya darasa la saba, na barua ya mtendaji yenye mhuri uliokolea. Nilikuwa nimeishika kwa mbele, waziwazi, kwa majivuno. Baada ya kicheko niliificha chini ya kitenge.

Lakini sikuondoka. Gari la kurudi ni la mchana, na nje upepo ulikuwa ule ule. Nikakaa kwenye benchi. Hapo yakatokea ya kutokea, kwani walionicheka wakaanza, mmoja mmoja, kuniuliza maswali. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti juu ya sweta la shule akaniinamia: "Mwanangu, wewe naona mambo haya umeyachimba. Mjukuu wangu kapata pointi kumi na sita. Wenzake wana nane, wana tisa. Si kawapita?"

Hapa naomba mnivumilie, maana pointi hizi zimeninyima usingizi kwa muda mrefu, na sasa nimezipenda.

Kidato cha nne, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtoto kafanya vizuri zaidi, yakajumlishwa. Mwenye A tupu ana 7, na hakuna awezaye kumshinda. Mwenye F tupu ana 35. Divisheni ya kwanza ni 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na baada ya hapo ni sifuri, neno ambalo kijijini hutamkwa kwa kunong'ona hata kama mwenye nayo yuko Mpanda. Ni mashindano ya kupata kidogo. Kidato cha sita ni vivyo hivyo, ila ngazi zimeongezwa: A 1, B 2, C 3, D 4, E 5, kisha kuna kitu kinaitwa S chenye pointi 6, halafu F yenye 7. Masomo ya kombi, yaani mchepuo wa mtoto, ni matatu, kwa hiyo bingwa wa nchi nzima ana pointi 3.

Sasa mfuateni bingwa huyo. Siku ya matokeo ana 3. Anakwenda kuomba chuo, ana 15. Hakufanya mtihani mwingine katikati. Ni kwamba Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kwa kupanda: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S ni nusu. Huko mwenye nyingi ndiye mwenyewe. Karatasi ni ile ile, mtoto ni yule yule, lakini ukitoka kwa Baraza la Mitihani ukaingia kwa Tume, hesabu inasimama kwa kichwa. Mwanzoni nilikasirika. Siku hizi nikikosa usingizi huwajumlisha watoto wa majirani, kwanza kwa kushuka, kisha kwa kupanda, mpaka jogoo anawika. Na usisahau kwamba mwaka 2014 ilikuja GPA, ikaja na B+ yake, wazazi wakaanza kujifunza upya, kisha baada ya muda mfupi ikaondolewa na divisheni ikarudi. Ndiyo maana waliofanya mtihani miaka ile wana hesabu yao ya pekee kwa Tume. Kuna watu hukusanya stempu. Mimi nina hili.

Ili mtoto aingie shahada, Tume inataka masomo mawili ya kombi aliyoyafaulu kwa E au zaidi, na pointi za hayo mawili zisipungue 4. Shikeni hiyo nne.

Nikamwomba mzee anionyeshe matokeo. Akatoa karatasi iliyochapwa steshenari, imekunjwa vizuri ndani ya kitambulisho cha mpigakura. E, E, S. Tano na tano na sita, kumi na sita kweli, divisheni ya tatu, na kwao kuku ameshachinjwa. Nikageuza hesabu upande wa pili. Moja na moja. Mbili. Niliirudia mara nyingi kuliko inavyostahili hesabu ya moja na moja. Mwenye divisheni ya tatu huyu hawezi kuingia shahada kwa matokeo haya, na foleni tuliyokuwa tumekaa ni ya mkopo wa shahada. Mzee alikuwa ameuza mahindi ili aje.

Nilimwambia amuulize dada wa dirishani. Ndiyo, nilimsukumia dada. Naye, zamu ya mzee ilipofika, hakusoma tangazo lolote. Alizungumza naye taratibu, na muda mrefu. Yule kijana wa makubazi alikuwa akitazama simu yake.

Na hapa kicheko kinanikauka. Aliyewahi anatangazwa foleni nzima. Aliyechelewa anaelezwa kwa upole, kwa heshima zote, kwamba basi tena. Mwaka mzima wa sita, na wa tano, na minne ya kabla yake, hakuna aliyemkalisha mzee huyu kitako akamwambia kwamba kumi na sita inaweza kuwa mbili. Wa kumwambia wapo, lakini walisubiri afike dirishani.

Tena udaktari ambao kijana alinitania nao haungoji hata kidato cha sita. Kwa utaratibu tuliouzoea, mwanafunzi akiingia kidato cha tatu anaruhusiwa kuacha fizikia na kemia. Hesabu na baiolojia abaki nazo. Akishaacha fizikia, kidato cha tano hawezi kusoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kwa kuwa kombi inataka awe amefaulu masomo yake yote matatu, na ufaulu wa somo usilofanya haupatikani. Bila PCB, mlango wa udaktari wa moja kwa moja umefungwa. Mtoto anaufunga akiwa na miaka kumi na tano, kwa kuchora alama kwenye karatasi, siku ambayo pengine alikuwa na njaa. Mwaka 2024 Serikali iliongeza kombi kutoka 16 hadi 65, na orodha yake inavutia, utadhani menyu ya hoteli ya Dar es Salaam. Lakini shuleni kwa binti wa kaka yangu mwalimu wa fizikia alihama, hajaletwa mwingine, na fizikia sasa inafundishwa na kitabu. Kitabu kimoja, hakina jalada, na sura ya umeme aliichana mtu aliyependa picha zake. Januari binti akiiacha fizikia, kwenye kumbukumbu itaandikwa kwamba amechagua.

Haya, bahasha.

Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inataka mwombaji awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili, fomu iliyosainiwa na viongozi wa kijiji, kisha na hakimu au wakili, mdhamini mwenye kitambulisho, na ada ya maombi ya shilingi 30,000. Hayo yote yanapatikana. Kigumu ni kwamba majina yafanane kila mahali, herufi kwa herufi, na majina ya mtihani hayaandikwi siku ya mtihani. Yanatoka shule ya msingi, yamefungwa kwenye namba ya mwanafunzi iitwayo PREM, na yanamfuata mtoto kote aendako.

Binti wetu anaitwa Skolastika. Kate ni nchi ya misheni, na daftari la ubatizo linamjua kama Scholastica, kwa h na c zote alizokusudia mtakatifu mwenyewe. Nesi wa kliniki, aliyekuwa na haraka, aliandika Skola. Mwalimu wa darasa la kwanza akaona bora kupatanisha, akaandika Scolastika, namna ambayo haikuwahi kutumiwa na mtu mwingine yeyote. Hilo ni jina la kwanza tu.

La ukoo ndilo balaa. Sisi asili yetu ni Wamambwe, na kwetu mwanamume huwa Si na mwanamke huwa Na: kaka yangu ni Sikazwe, mimi niliyefuata tumbo lile lile ni Nakazwe, na binti yake ni Nakazwe. Hakuna babu aliyewahi kuona tatizo hapo. Ila kompyuta inataka mtoto na baba wafanane, na mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mtu wa kuiogopa kompyuta hata kabla haijafika shuleni kwao. Akamwandika Sikazwe. Cheti cha ubatizo kinasema Nakazwe, shule inasema Sikazwe, na kwa maana hiyo Bodi itaona wasichana wawili, mmoja msomi asiyezaliwa, mwingine aliyezaliwa akabatizwa na asisome.

Niliporudi kutoka Sumbawanga, baada ya siku mbili nilipitia shuleni. Mwalimu wa taaluma, kijana mwenye adabu, akanipa kiti na kunifungulia orodha ya watakaofanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Nikamkuta mtoto wetu: Scolastika Sikazwe. Kidole changu kikateleza kwenye safu ya pili. Jinsia: Me.

"Mwalimu, huyu ni Ke."

"Ni kweli, shangazi, namfahamu, ni mlinzi wa goli wa timu ya wasichana." Akaitazama orodha, akanitazama mimi. "Nadhani ni lile Si."

"Basi tusahihishe."

"Muda wa masahihisho umepita, shangazi."

Nikamuuliza umepita lini. Akasema juzi. Juzi ndiyo siku niliyokuwa kwenye benchi la Sumbawanga nikimfundisha mzee wa watu kugeuza pointi.

Mengine yaliyotokea tangu hapo hayana uzito. Kwenye picha ya pasipoti kafumba macho. Kitambulisho cha NIDA cha kaka kimebaki namba tu. Wakili tuliyemwendea kwa kiapo cha majina aliuliza kwanza kama ni kesi ya mirathi, na tuliposema si mirathi akapungukiwa hamu. Nikasoma pia kwamba tangu 2017 maombi hayapiti tena mfumo ule mmoja wa TCU. Kila chuo kinaombwa chenyewe na kila kimoja kina ada yake. Hilo nimeliandika kwenye karatasi na kuitia kwenye bahasha, ambayo sasa haifungiki.

Binti mwenyewe, nilipomweleza yote haya jikoni, alisonga ugali mpaka ukaiva ndipo akauliza: "Shangazi, na nikitaka kuendesha Kosta ya Mbeya?" Nikamwambia hata leseni inataka cheti cha kuzaliwa. Sina hakika kama inataka, ila nilikuwa nimechoka.

Jumatatu nakwenda Namanyere, kwa msajili wa vizazi wa wilaya, tuanze upya na hicho cheti. Jana jioni nilimfuata kaka nikamwomba nauli. Alikuwa amekaa juu ya kinu anapukuchua mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga hesabu fulani kichwani, akasema kwamba kwa jinsi karatasi zinavyosomeka, yeye ni Sikazwe na mimi ni Nakazwe, hatujuani, kwa hiyo nauli nijitegemee.