Gari Binafsi na Shangazi Yake

Ukikodi gari la kukupokea uwanja wa ndege, sehemu kubwa ya bei ni ya ukimya. Unaongeza fedha ili mtu asikukanyage, asikuulize kabila lako, wala asikupakatishe kuku. Tangazo nililosoma kabla ya kwenda Serbia liliniahidi hayo yote: gari binafsi lenye kiyoyozi, mlango hadi mlango, mwendo wa saa moja hivi kutoka uwanja wa Nikola Tesla wa Belgrade hadi Smederevo, mji wa ngome kando ya Mto Danube. Huko kulikuwa na rafiki wa dada yangu, mama wa Kitanga aliyeolewa na Mserbia. Dada alikuwa ameshanisifia kwake kwa simu: mdogo wangu ni mtu wa swala tano, hana mambo.

Kwenye mlango wa kutokea walijipanga madereva na vibao vyao, na changu hakikuwepo. Kimoja kiliandikwa CA, ikafuata herufi yenye miguu miwili, kisha EXE. Ukumbi ulipokauka watu tulibaki wawili, mimi na mzee wa kibao hicho, tunatazamana kwa kuhurumiana. Mwishowe akakigonga kwa kidole. "Salehe?" Alikuwa ameandika kwa alfabeti ya Kikirili, ambamo C husomwa S na X husomwa H. Kwa hesabu zake, mgeni ndiye aliyekuwa amechelewa.

Kiyoyozi kilikuwepo, ila kilikuwa pambo. Dereva alikipigapiga, akanung'unika maneno ambayo ndani yake nilisikia jina la mwanamke, Jerina. Nikashusha dirisha langu. Papo hapo yeye akapandisha lake.

Barabara kuu ya kwenda kusini hulipiwa. Ile ya zamani, inayopita Grocka kati ya Danube na mashamba ya matunda, ni ya bure. Nilipoona tunaifuata ya bure, niliuliza. "Hii nzuri zaidi," akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na kweli ilikuwa nzuri. Hakutaja kwamba huko Grocka ana shangazi.

Shangazi alikuwa getini na magunia ya pilipili hoho nyekundu. Ilikuwa Septemba, msimu ambao Waserbia huchoma hoho, huzimenya, huzisaga na kuzipika ziwe ajvar, kitu cha kupaka kwenye mkate majira yote ya baridi. Hoho hizi zilikuwa za jamaa aliyeko Smederevo, na gari la kwenda Smederevo si ndilo hili? Sanduku langu likatolewa kwenye buti lipishe magunia.

Lakini mgeni haishii getini. Tukaingizwa ndani, nikapewa kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari na glasi ya maji, kama ilivyo desturi yao, kisha kahawa. Hapo dereva akataja Tanzania. Shangazi akaweka birika chini. "Tito!" akasema, mkono kifuani. "Nyerere!" Mwaka 1961 viongozi wa nchi zisizofungamana na upande wowote walifanya mkutano wao wa kwanza wa kilele Belgrade, kwa Rais Tito, na mwaka 1970 kikao cha kuandaa mkutano wa tatu kikafanyika Dar es Salaam, kwa Nyerere. Mimi sikuwa nimezaliwa, ila gharama za urafiki huo zilinikuta mezani. Kahawa ilifuatiwa na supu, supu ikafuatiwa na chakula cha mchana, na kila nilipotazama saa shangazi aliona nimemaliza, akaniongezea.

Tulipoondoka, shangazi naye alipanda, akakaa nyuma na gunia moja na sanduku langu, mimi mbele na kreti la hoho mapajani. Dirisha langu bado lilikuwa wazi. Dereva, kwa joto lile, akajisahau akashusha na la kwake. Kilichotoka kiti cha nyuma ni ukelele wa msibani. "Promaja!" Waserbia wengi wanaamini kwamba upepo unaopita kati ya madirisha mawili huleta maumivu ya shingo, ya figo, na hata mauti. Sikubisha. Bibi yangu Tanga angekuona umetoka kuoga ukakaa mlangoni, angesoma dua kabisa. Madirisha yakafungwa yote, tukaanza kuiva sisi na hoho.

Kwa bahati mbaya nikapiga chafya. Shangazi akapata uthibitisho. Akatoa chupa ya rakija, pombe kali ya matunda. Nikaeleza kwamba mimi ni Mwislamu, sinywi. Dereva akatafsiri, shangazi akaafiki kwa heshima zote, dini ni dini. Kisha akaimimina kiganjani, akanyoosha mikono kutoka nyuma, akanipaka shingoni na nyuma ya masikio. Mtu aliyefungwa mkanda na kubebeshwa kreti hana pa kukimbilia.

Ngome ilipotokeza, yenye minara yake 25, dereva alipunguza mwendo akawa mwalimu. Mtawala Đurađ Branković alianza kuijenga mwaka 1428, baada ya Belgrade kurudi mikononi mwa Wahungari. Wananchi waliobebeshwa mawe walimlaumu mkewe Mgiriki, Jerina, wakamwita aliyelaaniwa. Jina lililoandikwa kwa matofali mekundu mnarani ni la mume, laana akaachiwa mke, na hadi leo kiyoyozi kikigoma anatajwa yeye. Mwaka ulioandikwa hapo ni 6938, unaohesabiwa tangu kuumbwa kwa dunia, sawa na 1430. Nikashusha mkono wa shati kufunika saa. Wenye kalenda ndefu kiasi hicho huwezi kuwadai dakika.

Mjini barabara za katikati zilifungwa kwa ajili ya tamasha la mavuno ya zabibu. Dereva akakumbuka ahadi ya tangazo, mlango hadi mlango, naye ni mtu wa ahadi. Tukashuka sote: yeye na sanduku, mimi na kreti, shangazi na chupa.

Mwenyeji wangu alifungua mlango akitabasamu. Kisha pua yake ikafanya kazi. "Kaka Salehe," akasema taratibu, "dada yako hakunieleza haya." Nikamgeukia shangazi, shahidi wangu pekee. Hakuelewa neno, lakini aliona anahitajika, akainua chupa juu kwa furaha.

Siku ya kurudi nilipanda basi la abiria. Lilikuwa karibu tupu, kiyoyozi kilifanya kazi, na mpaka Belgrade hakuna aliyenisemesha.