Sifa za Mzoga

Kitu bora kuliko vyote katika gemu la Red Dead Redemption 2 kinaoza na kina nzi. Wengine wataisifu milima yenye theluji, jua likizama nyuma ya vinamasi vya Lemoyne, au mhusika mkuu, jambazi Arthur Morgan, na kofia yake. Wasifu. Mimi sifa zangu naupelekea mzoga wa kulungu uliolazwa nyuma ya tandiko, miguu ikining'inia upande huu na kichwa upande ule, unaonichelewesha, unaonichafua na kunitia hasara kutoka porini hadi mjini.

Ili kujua hadhi ya mzoga huu, mtu aanze na gemu lililotangulia, la mwaka 2010. Humo mhusika mkuu, John Marston, alimchuna dubu kufumba na kufumbua, damu ikarukia kioo, ngozi ikaingia mkobani. Akitaka aliongeza ya pili, na ya kumi. Mkoba ule haukujaa, haukunuka, wala haukumuuliza alikoua. Lilipotoka la pili, Oktoba 2018, mzoga ulikuwa umepanda cheo.

Sasa unadai heshima hata kabla haujawa mzoga. Mnyama ana nyota, tatu zikiwa ndio ukamilifu, na mwindaji mwenye adabu humkagua kwanza kwa darubini. Kisha huchagua silaha inayomfaa. Sungura apigwe kwa mshale mdogo; ukimfyatulia bunduki ya kuangushia dubu, kitakachobaki hakuna mnunuzi atakayekitazama mara mbili. Upepo nao uuchunge, maana ukivuma kutoka kwako kwenda kwa kulungu, yeye atapata habari zako mapema. Nimetambaa nyasini jioni nzima kwa ajili ya ngozi ambayo bei yake haikufika hata ya kofia. Niambieni ni mfalme gani aliye hai anayengojewa hivyo.

Halafu kuchuna. Arthur anapiga goti, anachoma kisu, anavuta. Sauti ya ngozi inapoachana na nyama si ya kusikilizwa na mtu aliye na sahani mapajani. Akimaliza, anaubeba mzoga begani na koti linalowa damu, na damu hiyo haiondoki kwa kujipangusa. Anaenda hotelini katika mji wa Valentine, analipa senti 25, anaingia kwenye beseni. Mzoga umefanya lililowashinda masherifu wa majimbo yote ya pale: umemfanya jambazi aoge.

Ila ni barabarani unapoonyesha kipaji chake. Nyuma ya tandiko panakaa mnyama mkubwa mmoja tu, kwa hiyo tamaa imekwisha hapo hapo. Na kwa kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mchezaji hampunguzii farasi mwendo; anampiga mbio katikati ya misonobari kana kwamba mgongo unaoumia ni wa mwingine, na kweli ni wa mwingine. Farasi wa gemu hili wana mapenzi ya ajabu na miti. Kishindo kikilia, Arthur anaruka huku, kofia kule, farasi anagaragara, na mzoga nao unaporomoka chini. Kati ya mchezaji, Arthur, farasi na mzoga, ni mzoga tu usiolaani mtu.

Ukichelewa zaidi, unaoza. Nzi wanafika, na nzi kufia kidondani si haramu. Thamani inashuka nao wanazidi kuimba. Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kutesana bure. Lakini watengenezaji waliokaa wakahakikisha korodani za farasi dume zinasinyaa penye baridi (ndiyo, walifanya hivyo, na magazeti yakaandika kwa furaha isiyofichika) wangewezaje kuuacha mzoga ubaki mbichi kwa siku tatu?

Na mzoga wa Marekani una ukoo mkubwa. Katika miaka ya 1870 wawindaji wa kulipwa waliwaangusha nyati wa nyikani kwa mamilioni, wakachukua ngozi, nyama wakaiachia jua. Baadaye mifupa iliokotwa, ikapakiwa kwenye treni na kusagwa kuwa mbolea. Hadithi ya Arthur imewekwa mwaka 1899, nyati wa porini wakiwa wamebaki wachache mno. Ndani yake Charles Smith, mwenzake Arthur katika genge, ambaye mama yake alikuwa mwenyeji wa asili wa nchi ile, anakuta nyati waliouawa na kutelekezwa. Sijawahi kumwona na hasira kama siku ile, naye anaishi na wezi. Wale waliofanya kazi hiyo hawakubeba kitu begani. Hawakuoga kwa senti 25.

Arthur anabeba. Anafika kambini kwa genge lake usiku, anautua mzoga mbele ya Pearson, mpishi aliyewahi kuwa mwanamaji na asiyechoka kukukumbusha. Pearson anaushukuru mzoga kuliko anavyomshukuru aliyeuleta, jambo ambalo kwa kweli ni haki, kisha anaukata na kuutia kwenye chungu kile kile cha mchuzi wa jana. Uncle, mzee mvivu wa genge ambaye hajamwinda hata panya, anaamka pale tu harufu inapogeuka kuwa nzuri, na ana bakuli lake tayari.