Mwongozo kwa Mkazi wa Olympic Anayetaka Kurudi Ushago

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Olympic, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ambaye kila Jumatatu asubuhi, akisubiri matatu ya tao kwenye Kibera Drive, huapa kwamba mwaka huu ndio wa mwisho. Akishamaliza madeni atarudi ushago, afuge kuku, awe analala saa mbili. Kiapo hicho ndicho hatua ya kwanza. Kuhusu hatua ya pili sina mengi ya kukueleza, maana walioapa pamoja nawe mwaka juzi bado unapigania viti nao pale steji.

Kabla ya kuhama, jua kwanza unahama kutoka wapi. Upande mmoja wa Olympic una ghorofa zenye ngazi za vigae na majirani wasiosalimiana, kama ustaarabu wa mjini unavyotaka. Ukiteremka kuelekea reli unaingia Gatwekera na Kisumu Ndogo, ambako mama mboga anajua ulilipwa lini na kwa nini leo umenunua sukuma ya kumi badala ya ishirini. Kibera nzima imegawanywa vijiji: Lindi, Silanga, Mashimoni, Laini Saba, Makina na vinginevyo. Kwa hiyo yule aliyekitoroka kijiji cha Siaya kwa basi la usiku alishuka asubuhi akapanga chumba katika kijiji kingine, ila hiki kinadai kodi.

Usikubali pia kufukuzwa na hofu ya msongamano. Kwa miaka mingi wageni waliambiwa Kibera ina watu milioni moja na zaidi. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Sijui wale wengine walikuwa wamehesabiwa na nani, lakini nina hakika walikuwa wametengewa bajeti.

Sasa tupime utulivu, kwa sababu huo ndio unaosema unaufuata. Kelele za Olympic unazijua: honi za matatu, mkesha wa kanisa la mabati lenye waumini ishirini na spika za kutosha uwanja wa Nyayo, jirani anayetazama mpira kama yeye ndiye kocha. Ushago hamna hayo. Ushago kuna jogoo asiyejua saa, mbwa wa boma nne wanaojibizana, vyura wa mvua za Aprili, na matanga. Matanga ya magharibi mwa Kenya hukodi jenereta na spika, na hayana mwenye nyumba wa kuyakemea usiku wa manane. Mtu anayetafuta usingizi na atafute usingizi. Aachane na ramani.

Pesa ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Mjini unalipia kila kitu: chumba, tokeni za stima, choo kama ploti haina, maji kwa mtungi wa lita ishirini, na siku mifereji ikikauka muuza maji hukutazama usoni kabla ya kutaja bei. Ushago, unajiambia, maji ni ya mto na mboga ni za shamba. Ni kweli. Tatizo ni kwamba anayeufadhili huo ushago ni wewe ukiwa Olympic. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, matangazo yake yaliwahimiza Wakenya watume pesa nyumbani, na hakuna aliyeuliza nyumbani ni wapi wala pesa zielekee upande gani. Tangu hapo karo ya binamu, mbolea, dawa ya ng'ombe na mabati ya jiko la mama hutoka kwenye simu yako. Basi nalo hukuletea gunia la mahindi, maharage na ndizi ambazo zimeiva safarini zote kwa mpigo. Ukihama, upande mmoja wa biashara hii utafungwa. Mpigie mama umwambie unarudi kabisa, kisha usikilize vizuri atakavyonyamaza.

"Kabisa kabisa, mwanangu?" atauliza. "Na kazi?"

Hilo ndilo swali la kijiji kizima. Ukirudi Desemba na mkate, sukari na soda za wazee, wewe ni mtu wa Nairobi. Ukiwa bado upo mwezi Machi, wewe ni mgonjwa, au umefutwa, au kuna kitu umeiba. Andaa maelezo mapema. Kusema umechoka na jiji hakutakusaidia, kwa sababu wanaokusikiliza wamekuwa shambani tangu alfajiri, na wawili kati yao wanataka ukiondoka uondoke na watoto wao.

Maana kuna hilo pia: wakati wewe unapanga kurudi, wenzako wanapanga kuja. Shule ya Msingi ya Olympic ilikuwa ikisifika kwa matokeo ya mtihani wa KCPE, na elimu ya bure ilipoanza Januari 2003 madarasa yakafurika. Mpwa aliyeletwa kwako kwa muhula mmoja sasa ana ndevu, ndiye anayeshika rimoti, na ukitaja ushago anakutakia safari njema.

Kuna mambo ambayo hata kejeli hupita kwa adabu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera iliungua, na Januari iliyofuata reli iling'olewa na vijana wenye hasira. Ni reli hiyohiyo iliyofika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo kila uchaguzi unapokaribia utaona familia zikifunga magodoro na kupeleka watoto kwa nyanya zao. Msimu huo hakuna anayesoma mwongozo. Wanaoweza huondoka, na wanaobaki mara nyingi ni wale ambao nauli imewashinda.

Wengine nao hawana pa kwenda. Wanubi wa Makina ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles waliopewa makazi hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, palipokuwa bado msitu. Muulize mzee wao ushago wake ni wapi, atakuonyesha mlango wake. Ardhi iliyotengwa mwaka 1918 ilizidi ekari 4,000. Hati waliyokabidhiwa hatimaye mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kusitasita kati ya makao mawili, sitasita kwa sauti ya chini ukipita Makina.

Ukishindwa kuamua kabisa, tulia: yapo mambo utakayoamuliwa. Wakili S. M. Otieno aliishi na kufanya kazi Nairobi, akafariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema nyumba ya Nairobi ni ya kulala tu, na mwana wao atazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, nchi nzima ikisoma magazeti, marehemu akisubiri. Mei 1987 ukoo ukashinda naye akazikwa Nyalgunga. Ikiwa wakili mashuhuri hakuweza kulimaliza suala hili kwa hoja, wewe mwenye bedsita usijisumbue sana. Jenga tu simba yako, kile kibanda cha kijana kwenye boma la baba, kule kabla wazee hawajaanza kukuuliza kwa mafumbo, na uwe unalipa mchango wa mazishi kwa wakati. Kikundi cha ukoo kwenye WhatsApp kina katibu, na katibu ana orodha.

Kwa atakayeng'ang'ania kuhama hata baada ya haya yote, fanya hivi. Kata tiketi ya basi mapema, kwa sababu wiki ya Krismasi nauli hupanda bila kuaga. Ama ujaribu treni ya Kisumu, iliyorejeshwa Desemba 2021 na inayopita hapo chini yako. Usiuze kitanda. Usimpe mtu jiko la gesi "amalizie mtungi". Na kodi ya Januari muachie msimamizi wa ploti kabla hujaondoka.

Mwambie ukweli, kwamba unahama kabisa na hurudi tena.

"Sawa, mkubwa," atasema huku akiandika jina lako kwenye daftari la Januari. "Ukirudi, niletee ndizi."