Waraka kwa Ndugu Mgeni wa Baiskeli Nyembamba

Ndugu Mgeni,

Hapa Tarime mvua ilinyesha jana alasiri kama ilivyo ada yake, radi zikapiga upande wa ziwa, na leo kumekauka. Natumaini ulifika Mugumu salama, na kwamba viatu vyako vile vyenye chuma kwenye soli vimepata mapumziko.

Nakuandikia hadharani kwa sababu mbili. Kwanza, uliondoka bila kuacha namba ya simu. Pili, wenzako wa mavazi kama yako wanazidi kupita hapa, wengine wakiingilia Sirari kutoka Kenya, wengine wakitokea Mwanza na Musoma kwa daraja la Kirumi, nami sina nguvu ya kumhubiria kila mmoja peke yake huku jasho linamtoka na njaa inamuuma.

Ulifika kwenye kibanda changu cha ufundi umeibeba baiskeli begani, tyubu imetoboka. Watoto walijaa mara moja, maana huku baiskeli ndiyo inayobeba. Hubeba madumu ya maji, gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, na siku ya mnada hubeba mbuzi pamoja na mwenye mbuzi. Mwendeshaji kumbeba mbebaji lilikuwa jambo jipya. Niliwatawanya kwa heshima yako.

Kisha ukaniomba tyubu, nami nikaomba kwanza nione kimkoba chako cha chini ya siti. Nilikisifu, na sifa ile siifuti. Ni kizuri kweli: kidogo, cheusi, kimejibana pale chini kama kiota cha mbayuwayu chini ya paa. Uliniambia kina uzito wa gramu 60 tu na kwamba ulikitafuta kwa miezi miwili. Tulipofungua zipu tukakuta pakiti mbili za uji mtamu wa kunyonya, krimu ya jua, kadi ya benki, kichupa cha gesi kilichokwisha kazi, na tyubu moja mpya ndani ya kasha lake. Gesi, ulinieleza bila kuficha, uliipulizia kwenye tyubu ileile iliyotoboka, ukitumaini. Kwa hiyo umewaachia ndugu zetu wa Rorya, ulikotobokea, upepo wa bure.

Tyubu mpya ndiyo iliyonisikitisha. Valvu yake ilikuwa na urefu wa milimita 42. Rimu zako za kaboni, zile nene za kukata upepo, zina kimo cha milimita 50. Kabla ya kushika spana nilifundisha hesabu miaka mingi katika shule za wilaya hii, na naomba uniamini katika hili dogo: 42 haitokezi kwenye 50. Tyubu ile ilisafiri nawe njia yote kama abiria. Ungenunua yenye valvu ndefu, au kile kirefusho cha kuungia valvu, kisichozidi kidole kwa ukubwa, ungebadilisha njiani ukiwa kivulini, nami nisingekujua.

Ukaudhika kidogo niliposema mjini hapa hupati tyubu yako. Sikusema kwa kiburi, na wala si kwamba Tarime haina maduka. Tyubu zipo tele, ila ni za baiskeli za Phoenix na jamaa zake. Rimu ya Phoenix hupokea tairi kwenye kipenyo cha milimita 635, yako 622. Hizo 13 tungezisamehe, mpira unavutika. Lakini tairi yetu ina upana wa inchi moja na nusu, karibu milimita 38, na yako ni 25. Tyubu yetu ndani ya tairi yako ingejikunja kama nguo kwenye sanduku dogo, na mkunjo ni tundu linalosubiri siku yake. Halafu valvu. Tundu la rimu yako lina milimita 6.5, na valvu ya Phoenix inataka kama 8. Nilipotania kwamba tuchukue drili, ulinitazama kama mtu aliyesikia tunataka kumng'oa mtoto wake jino zima.

Ndipo ukatamka maneno ambayo bado nayatafuna: "Mzee, siku hizi hatuzibi viraka, tunabadilisha." Mura (ndivyo tunavyomwita kijana huku), nilikusikia. Nikachukua beseni la maji, nikatafuta mapovu, nikasugua kwa msasa, nikapaka solusheni, nikangoja ikauke (kungoja huko ndiko kunakowashinda wengi), nikabandika. Tukaingiza vidole ndani ya tairi tukaukuta mwiba wa mbigili bado umesimama pale, unasubiri tyubu yoyote ambayo ungeiweka, iwe mpya, iwe ya dhahabu. Pampu yangu iliingia kwenye valvu yako nyembamba kwa sababu nina kikofia cha shaba ambacho kijana mmoja wa Isebania aliniachia. Kinatosha kwenye kifundo cha kidole, bei yake ni ndogo kuliko ya soda, na hakikuwemo kwenye mkoba wa gramu 60.

Wakati kiraka kinashika ulinisimulia Kigali. Ulikuwapo Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, ukamwona Tadej Pogačar akishinda. Ukasema ulichunguza hata siti yake: chini hakuna kitu, safi kabisa, na ndiyo maana ulitaka mkoba mdogo kuliko yote, ili usiharibu umbo. Sikutaka kukukatiza, ulikuwa na furaha. Lakini Pogačar hana mkoba kwa sababu nyuma yake kuna gari, juu ya gari kuna baiskeli nyingine, na ndani ya gari kuna fundi mwenye gurudumu mkononi. Wewe ulipotoboka, nyuma yako kulikuwa na nini? Kwa maelezo yako mwenyewe, mbuzi wanne na mchungaji aliyekucheka.

Ukitaka wa kumwiga, mwige Eugène Christophe. Mwaka 1913, katika Tour de France, uma wa mbele wa baiskeli yake ulivunjika kwenye mlima Tourmalet. Sheria za wakati ule zilimkataza mpanda baiskeli kusaidiwa. Aliibeba baiskeli akashuka kwa miguu hadi Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma mwenyewe, huku waamuzi wamesimama wakimtazama. Wakamwadhibu dakika 10, baadaye zikapunguzwa kuwa 3, kwa kosa la kumwacha mtoto amvutie mivukuto. Wewe mtoto alikushikia gurudumu, mwingine akakuletea beseni, na sikuona mwamuzi.

 

Sasa, kwa kuwa uliniuliza kwa kejeli kidogo, "Basi Mzee, wewe ungechagua mkoba gani?", nitakujibu bila kejeli. Ningeuchagua mwisho. Tandika gazeti mezani, weka juu yake kila utakachohitaji ili usonge mbele bila mimi, ndipo utafute mkoba wa kuvimeza. Tyubu mbili za kipimo chako na valvu ya urefu unaofaa rimu zako, zitolewe kwenye makasha na kuvishwa soksi kuukuu ili vyuma visizikwaruze. Vijiti viwili vya plastiki vya kubandulia tairi. Viraka, na solusheni ambayo haijafunguliwa, kwa maana ikishafunguliwa hukauka humohumo na utagundua siku mbaya. Kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia mpasuko. Spana ndogo za L, kiungo cha mnyororo kinacholingana na mnyororo wako, kikofia cha shaba. Gesi iache, kichupa ni cha safari moja, na gesi ile hupenya mpira upesi kuliko hewa, hata kesho yake tairi imelegea. Pampu ndogo ya mkono ifungwe kwenye fremu karibu na chupa ya maji. Vyote hivyo, bila pampu, vinaingia kwenye mkoba wa kama robo tatu ya lita. Bado ni mdogo. Bado utapendeza.

Kuufunga mkoba ndiko kwenye mambo. Wako ulishikwa na mkanda mmoja wa kunatana, ule unaolia kraa ukiuvuta. Mkanda huo ni mtiifu hadi ukutane na vumbi letu jekundu. Likishaingia kwenye vile vinywele vyake, hushika kwa mazoea tu. Na barabara hii ina rasta, yale matuta madogo madogo, kila penye shule na senta. Mkoba uliolegea kwenye rasta hucheza ngoma, hukwangua bomba la siti, husugua nyuma ya mapaja yako, na vyuma vya ndani huanza kula tyubu. Tafuta wenye mikanda miwili inayozunguka vyuma vya chini ya siti na wa tatu unaokumbata bomba, na kama upo wenye bizimu, chukua huo. Ile ya kubofya kwa kibanio cha plastiki inafaa lami ya mjini. Kibanio kikivunjika huku, mkoba unabaki Nyamongo nawe unafika Mugumu.

Zipu isitazame tairi ya nyuma. Tarime iko juu, takriban mita 1,500, na mvua zake hazikuombi ruhusa. Maji ya tairi yatapanda moja kwa moja humo na spana zitashika kutu. Uwepo upenyo wa kuning'inizia taa nyekundu. Na ukae kwenye siti na uzito wako wote kabla hujalipa, uone kama mkoba haugusi tairi. Wafupi wenzangu wananielewa.

Nasisitiza haya kwa sababu ulisema unaelekea Serengeti: Mugumu, Nata, hadi Fort Ikoma. Huku ulitoboka ukapata kibanda. Kule vibanda vinapungua, migunga inaongezeka na miiba yake, na ukikaribia vijiji vya mpakani mwa hifadhi kama Robanda, jioni barabara inatumiwa na tembo wanaotoka kutafuta mahindi ya watu. Tembo hana haraka. Hutaki kuwa unasoma maelezo ya tyubu nyuma ya kasha wakati anavuka.

Jambo la mwisho, na hili naliandika kwa aibu. Kwenye mkoba ule ulikuwa na kadi ya benki, nami sina mashine ya kadi. Simu yako ilikuwa imezima. Noti hukuwa nayo hata moja. Noti ya shilingi 10,000 ikikunjwa mara nne haifikii gramu mbili. Uliahidi kutuma ukifika. Viraka viliishia kuwa viwili kwa shilingi 500 kila kimoja, na upepo 200, jumla shilingi 1,200. Chai haidaiwi, wewe ni mgeni.

Wako,
Mwalimu mstaafu, fundi baiskeli,
Tarime