Uwe na Msimamo, Usisimame Popote: Mwongozo kwa Mgombea Udiwani wa Mji Mkongwe

Umechukua fomu, umepiga picha na kofia ya viua, na shangazi yako keshakuita Mheshimiwa mbele ya majirani. Hongera, yakhe. Imebaki kero moja tu: watu watakuuliza unauonaje mji. Usitie shaka. Hakuna udiwani mwepesi kuuombea kura kama wa Mji Mkongwe, maana hapa kila tatizo lina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Twende taratibu.

1. Jifunze ofisi kabla ya kujifunza matatizo.
Nyumba imepasuka? Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ipo tangu 1985. Nyumba ni ya wakfu? Kamisheni ya Wakfu. Bomba kavu? ZAWA. Giza? ZECO. Sheha mkorofi? Huyo huteuliwa na mkuu wa mkoa, hapigiwi kura. Mtu akikuletea kero, mshike mkono, mwelekeze ofisi. Ataondoka na furaha ya mgeni aliyeonyeshwa njia ya kutokea vichochoroni, na atatokea kulekule alikoingilia.

2. Utukuze urithi, ukwepe chokaa.
Sema "Urithi wa Dunia" na utaje mwaka 2000, UNESCO ilipouorodhesha mji wetu. Koma hapo. Ukiendelea utajikuta kwenye chokaa. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukizipaka saruji, unyevu hufungika ndani na ukuta huoza kimyakimya. Wahifadhi wanataka chokaa. Mwenye nyumba anataka saruji, kwa kuwa ndiyo fundi wake anayoijua. Mbele ya wahifadhi, lilia chokaa. Mbele ya mwenye nyumba, lilia bei ya chokaa. Umelia mara mbili na hujaahidi hata ndoo moja.

Kuhusu Beit al-Ajaib, acha mzaha. Sehemu ya jumba hilo alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883 iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Inamisha kichwa, uwaombee. Kisha usithubutu kuuliza ni nyumba ngapi mtaani kwako zina nyufa. Swali hilo lina jibu, na jibu linataka pesa.

3. Wapende watalii Shangani, wapende wenyeji Kiponda.
Kwa wenye hoteli, sema utalii ndio uti wa mgongo wa Zanzibar. Kwa mama anayetakiwa ahame ili chumba chake wapewe wageni, sema mji usio na wenyewe ni makumbusho. Yote mawili ni kweli, ndiyo raha yake. Ila kutoka Shangani hadi Kiponda ni mwendo wa dakika chache, na maneno hapa mjini hayabishi hodi. Yatafika kabla yako. Basi usitaje jina la mtu, hoteli wala kiasi cha fedha. Ama papasi, wale vijana wanaowaandama watalii, walaani wote kwa jumla, wakumbatie mmoja mmoja. Wana kura, na mama zao wana kura.

4. Shika ufagio, usishike ratiba.
Hapa jihadhari, maana taka ni kazi ya Manispaa kweli, na wewe ndiko unakoomba kuingia. Vaa fulana mpya, nenda Darajani asubuhi mwanga ukiwa mzuri, fagia hatua kumi, pigwa picha, tua ufagio. Usiseme gari la taka litapita mara ngapi kwa wiki, wala nani atalipia safari ya hadi jaa la Kibele. Akitokea mjuaji, ilaumu mifuko ya plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo mwaka 2019, na mifuko yenyewe mpaka leo haijawahi kumjibu mtu.

5. Itumie kalenda.
Uchaguzi ni Oktoba, masika huanza Machi. Mola akupe nini tena? Mitaro ya Oktoba haina aibu. Teremka ndani, simama, nyoosha kidole kuelekea baharini. Mitaro mikubwa na ukuta wa Mizingani vilijengwa kwa mradi wa ZUSP, kwa fedha za Benki ya Dunia. Usiseme ni vyako, simama karibu navyo tu na useme, "Mnaona wenyewe." Cha kuogopa ni marudio ya uchaguzi. Mwaka 2016 kura zilirudiwa tarehe 20 Machi, mawingu yakiwa yameshakaa mkao.

6. Nunua kahawa, usinunue ubishi.
Lazima upite Jaws Corner, kwenye baraza la kahawa. Amkia wazee mmoja mmoja, lipia kahawa ya wote, kaa pembeni ya bao na usimfundishe mtu kete. Watakupima. Mmoja atakuuliza: "Mwanangu, tulikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Wewe una lipi?" Usimpeleke ZECO huyu, ile orodha yako ya ofisi aliijua kabla hujazaliwa. Wala usikiri kwamba umeme unatoka Bara kwa kebo iliyo chini ya bahari na diwani hana hata swichi yake. Kukiri hivyo ni kukipunguza cheo ambacho shangazi keshakitangaza. Weka mkono kifuani, sema, "Mzee wangu, hilo limenigusa."

7. Mjue adui yako.
Si mgombea mwenzako. Huyo kasoma mwongozo huu huu. Adui yako ni bibi mmoja wa Mkunazini atakayesimama na buibui lake na kuuliza madogo: "Mwanangu, gari la taka litapita siku gani? Ushuru wa soko unakwenda wapi? Mkitoka kikaoni, mtatubandikia ukutani mlichokiamua?" Maswali haya hayana ofisi ya kuyapeleka. Yote ni ya diwani. Sema, "Swali zuri sana, mama," kisha ukumbuke kwamba wakati wa sala umekaribia.

Shukuru kwamba wa aina yake ni wachache. Wengi wetu tunapenda kumuuliza diwani makubwa yasiyo yake, naye anapenda kutuahidi, tukaachana sote tumeridhika. Lakini ukishinda, usimsahau yule bibi. Mfanye mwenyekiti wa kamati ya usafi, tena mbele za watu, kwa makofi. Halafu uhakikishe kamati haikutani.